Habari Iliyokuwa Ikifuata

Niliiona kwenye kompyuta kabla haijapanda kwenye tivii: "Mzamiaji afariki dunia Uroa." Chini yake, jina kamili la mwana wa Bi Saadiya.

Bi Saadiya mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya tivii, kwenye duka letu la ushoni Mlandege, na chupa ya soda mkononi, akingoja kanga zake zipindwe.

Programu inayoiendesha tivii ile niliiandika mimi. Huzivuta habari kutoka tovuti za magazeti na kuzionesha moja baada ya moja, bila ya kungoja ruhusa ya mtu. Nilikuwa nikijivunia hilo!

Habari ya bei ya karafuu ikaanza kuondoka. Nikaizima programu. Tivii ikawa nyeusi.

"Mbona umezima, mwanangu? Nami nnasoma."

Kwetu mtu hapewi msiba wake hivi hivi. Huambiwa jamaa yake ni mgonjwa, akapelekwa nyumbani, wakubwa ndio waseme. Na sote tunajua maana yake.

Nikamshika mkono. Ulikuwa na baridi ya chupa.

"Bi Saadiya, twende nyumbani. Mwanao anaumwa kidogo."

Hakuuliza anaumwa nini. Aliiweka soda sakafuni, taratibu, isimwagike.