Tatu kwenye Mvuto

Kyungu alikuwa amebakiwa na namba mbili, moja yao mbaya, tatu, na nafasi mbili za kuiweka: busara au mvuto.

"Weka basi! Shujaa wako atazeeka mbele ya kuzaliwa," Mbelu akamchokoza.

Walikuwa wachimbaji wanne kwenye baa moja ya Kapata, mtaa wa Kolwezi, mchana kweupe, wakitengeneza mashujaa wa karatasi. Mchezo uliletwa na René, mwenye mashimo ya madini, ambaye wote walimwita tata, baba. Unarusha dadu tatu mara sita, unapata namba zako sita, kisha unazigawa mwenyewe: nguvu, wepesi, pumzi, akili, busara, na mvuto, yaani kupendwa na watu. Shujaa akikamilika huingizwa pangoni kupigana na mazimwi. Leo mazimwi yalipewa likizo. Sharti lilikuwa moja tu: shujaa afanane na mwenyewe. Atakayempendeza René angeondoka naye kwenda kufanya kazi kwenye shimo jipya.

"Mu barua ya kuomba kazi batu banadanganya," René alisema, akiwaongezea soda, sukre kama waitavyo. "Mu mchezo hakuna mutu anajidanganya."

Mbelu alimwaga namba yake kubwa kwenye mvuto, na hakuongopa. Ana mama, dada saba na kwaya nzima ya parokia. Akichelewa chakula tu, mtaa mzima unatoka kumuulizia.

Kyungu aliitaka kazi ile kuliko wote. Tangu ashuke kwenye treni kutoka Kasaji alikuwa analala kwenye baraza za watu. Kumi na sita yake, namba kubwa kuliko zote pale mezani, alishaiweka kwenye pumzi. Ile tatu akaitupa kwenye mvuto.

René akainua macho.

"Mvuto tatu? Sasa shujaa wako akipotea, nani atamutafuta?"

"Hakuna, tata. Mama alikufaka. Hapa Kolwezi, hata jina yangu batu bananiuliza kila siku."

"Kweli! Hata mi minamuitaka tu 'wa Kasaji'," Mbelu akadakia, na meza ikacheka. Kyungu naye akacheka.

René hakucheka. Alizikusanya karatasi, akazisoma moja moja kama mtu anayechagua nyama buchani. Mwishowe akamnyooshea Kyungu mkono.

"Ni wewe. Panda mu gari."

"Usitusahau, patron!" Mbelu akampigia Kyungu kelele, kama kwa bosi, wivu umemjaa mpaka machoni.

Kyungu alikaa nyuma ya pikapu, buti mpya alizopewa mapajani, akimtabasamia kila aliyepishana naye barabarani.

Mbele, dereva akashusha sauti.

"Tata, sanduku ya maiti tununue mbele ya kumushusha mu shimo, kama ya bale bengine?"

René akafunga kioo cha dirisha, vumbi lisiingie.

"Ya nini? Huyu tutamurudisha kwa nani?"