Tamthilia ya Saa Nane Mchana

Lyamba hakuwa akiitazama televisheni. Alikuwa akiitazama midomo ya mke wake.

Natalia alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa banda la video, akipokea viingilio. Mumewe alikuwa amempiga marufuku kuzungumza na wateja, naye alitii. Lakini kila Jean-Marie aliposimama kando ya televisheni kutafsiri, midomo ya Natalia ilicheza taratibu, kama ya mtu anayesali. Wanawake wengine walilia. Yeye hakulia. Alimkazia macho kijana yule kwa namna ambayo Lyamba hakuwahi kutazamwa tangu wafunge ndoa.

Pale mtaani Makanyagio, tamthilia ya saa nane ilikuwa ya wanawake. Walikuja kutoka sokoni na mashambani, wakabanana kwenye mabenchi na watoto mgongoni, jenereta ikinguruma nyuma ya banda. Kanda zilikuwa nne tu. Lyamba alizipata Kigoma, na watu waliomo walisema Kifaransa. Ndiyo maana alimwajiri Jean-Marie, Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba. Jirani wa Lyamba, Hana, aliwahi kuuliza kijana aliyefika Katumba akiwa mgongoni mwa mama yake alijifunzia wapi Kifaransa. Lyamba alimjibu kwamba mtu hawezi kuitwa Jean-Marie halafu asijue Kifaransa.

Kanda zilipoisha zilianza upya, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hadithi haikurudi nyuma. Daktari wa suti nyeupe, aliyekufa mwishoni mwa kanda ya nne, alitokea tena kwenye kanda ya kwanza akiwa pacha wake, amekuja kulipiza kisasi. Kabla ya kila habari mbaya Jean-Marie alinyamaza kidogo, na banda zima likazuia pumzi. Lyamba alikuwa anaujua ukimya ule kama anavyoujua mlango wa nyumba yake.

Kisha, asubuhi moja, akawakuta nyuma ya banda. Natalia alikuwa akisema kwa sauti ya chini, mkono wake hewani. Kijana aliitikia kwa kichwa. Walipomwona, wakanyamaza.

"Mnaongea nini nyie?"

"Mambo ya tamthilia," alisema Natalia.

"Tamthilia ni saa nane."

Siku ile ile Jean-Marie akafukuzwa kazi, na Natalia akaambiwa abaki nyumbani.

Mtafsiri mpya alikuwa Mzee Abednego, aliyewahi kuwa mpishi wa Wabelgiji huko Kongo. Kifaransa chake kilikuwa safi. Lyamba alimpendea meno yake, ambayo yalikuwa mawili.

"Anasema aletewe chai," alitafsiri Mzee Abednego. Wanawake wakasubiri. "Sasa anasema ni ya moto."

"Na yule pacha wake, babu?" aliuliza Hana.

"Pacha gani? Ni mtu yule yule. Tena si daktari, anauza magari."

Minong'ono ikaenea banda zima. Kanda ziliporudi mwanzo, mtu mmoja akasema hii si tulishaiona? Wenzake wakacheka, na wiki ile mabenchi ya mbele yakabaki matupu.

Lyamba hakukubali kushindwa. Alipanda treni hadi Kigoma akarudi na kanda mpya, picha zake safi, mavazi ya kupendeza. Haikusaidia. Waliokuja walisema tamthilia za siku hizi hazina kitu, waandishi wake wameishiwa. Lyamba naye akayasema hayo hayo kwa wenzake sokoni. Mwishowe akabaki mteja mmoja, Emerensiana, ambaye masikio yake hayakusikia vizuri.

Lakini kilichomnyima usingizi Lyamba hakikuwa banda. Alikuwa Natalia. Mwanamke aliyefungiwa nyumbani alipaswa kununa, naye alikuwa akiimba. Chakula cha mchana kiliiva mapema. Ua ulifagiliwa mara ya pili jua likiwa kali. Naye kila siku alimuuliza mumewe, kwa upole mno, kama atashinda bandani hadi jioni.

Lyamba akamuulizia Jean-Marie kwa watu. Wengine walisema yuko Katumba analima mihogo. Mmoja alisema alimwona mjini jana.

Ndipo mchana mmoja akamwachia Mzee Abednego jenereta na kurudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Alipofika kwenye wigo wa matete, alisikia sauti nzito uani kwake.

"Nimekutafuta miaka yote, mpenzi. Mume wako asijue kwamba niko hapa."

Akajibanza kwenye matete. Sauti ikaendelea, ikimsihi mwanamke afungashe nguo zake kabla ya jioni. Ikasema kuna jambo moja hajawahi kumwambia.

Kisha ikanyamaza kidogo.

Ukimya ule! Hapakuwa na haja ya kuchungulia. Lyamba alinyakua mchi uliokuwa umeegemezwa kwenye wigo, akapiga mlango wa ua teke.

Wanawake wa Makanyagio walikuwa wamejaa kwenye mikeka hadi jikoni, watoto mgongoni, wote wamezuia pumzi. Mbele yao, juu ya kinu kilichopinduliwa, alisimama Natalia peke yake, amevaa koti jeupe la Lyamba la harusi, mkono wake hewani.

Hana hakugeuka hata kumtazama.

"Kaa chini, shemeji," alinong'ona. "Daktari hakufa."