Uso wa Nencia

Monna Lapa alisimama mbele ya ngazi, mikono kiunoni, maji ya kufulia yakimchuruzika viwikoni.

"Panda uone," akamwambia mumewe. "Utanikanyaga mimi kwanza."

Maestro Bencivenni, mchoraji, alisimama na brashi mkononi. Alikuwa akitazama ukuta wa kanisa. Kule juu, katika picha aliyoichora mwenyewe, Bikira Maria alikuwa akimsikiliza malaika, na uso wake ulikuwa wa Nencia, binti yao, aliyechukuliwa na tauni akiwa na miaka kumi na sita. Picha yake nyingine haikuwepo duniani.

Sasa Uguccione, tajiri wa sufu aliyegharamia kanisa, alitaka uso wa mkewe, Bibi Oretta, ukae pale.

"Binti wa dobi hawezi kuwa Mama wa Mungu," alisema Padre Ilario, kwa upole wa mtu anayemnywesha mgonjwa dawa.

"Kwani Mama wa Mungu alifuliwa na nani?" Lapa akamfokea. "Ni Bibi Oretta?"

Padre akamgeukia mchoraji. "Maestro, fundi yuko nje. Abomoe lipu hapo usoni, apige mbichi, uanze upya."

"Ya nini kumchosha fundi wa watu?" alisema Bencivenni. "Nitapaka juu ya hii hii iliyokauka. Jioni nimemaliza."

Padre akafurahi. Lapa akaduwaa. Huyu ndiye mtu ambaye vijana walitembea kutoka Florence hadi Prato kuja kuandika maneno yake? Aliyemwambia askofu mbele ya watu kwamba mchoraji anayemtii kila anayemlipa afadhali akapake chokaa mazizi?

"Si wewe uliyekuwa ukikimbizana na lipu mbichi ili ikauke na rangi ndani yake, unachora huku unalia?" akamuuliza. "Ukasema uso huu hautoki mpaka ukuta uanguke?"

"Nilisema."

"Na leo?"

"Leo naomba mayai manne, ya kukorogea rangi."

"Mayai ya kuku wangu, kumfutia mwanangu!"

"Mabichi, tafadhali. Usiyachemshe."

Lapa nusura amrushie ndoo. "Una nini wewe? Niambie!"

"Mke wangu, jambo ukiambiwa wewe asubuhi, mchana madobi wote wa mtoni wanalo."

Mayai akayapata kwa jirani. Hadi jioni Nencia alikuwa ametoweka, na Bibi Oretta alikuwa amekaa mahali pake, midomo imebanwa, kama mtu aliyesikia harufu asiyoipenda.

Tangu siku ile Lapa hakumsemesha mumewe. Alipika, akaweka sahani mezani, akageuza mgongo. Wateja walipomsifu Maestro kwa hekima yake, alitema mate mtoni. Kanisani kwa Padre Ilario hakukanyaga. Misa alikwenda kusikiliza ng'ambo ya mji, jua liwake, mvua inyeshe.

Mwaka wa tatu kifua kikamlaza Bencivenni. Usiku wa mwisho akamshika mkewe mkono.

"Uwe unapita kanisani, Lapa. Mara moja moja."

Ndipo akafungua kinywa. "Nikamwangalie Oretta? Nenda wewe."

Akamzika bila chozi.

Mwaka wa saba Bibi Oretta naye akafa. Lapa akavaa nguo yake nyeusi, akaenda. Wenzake wa mtoni wakamuuliza anakwenda kumlilia nani.

"Nakwenda kuhakikisha," akasema.

Aliingia kanisani kichwa juu, tayari kumtazama mwanamke yule jenezani, kisha ukutani, na kumwambia pote pawili yaliyomkaa rohoni. Lakini waombolezaji walikuwa wameligeuzia jeneza mgongo. Uguccione alikuwa amekaa chini. Padre Ilario alisimama katikati ya sala, kitabu wazi, macho ukutani.

Lapa akainua macho.

Baada ya miaka saba ya ukungu wa mto, shavu la Bibi Oretta lilikuwa limebanduka kama ganda la kitunguu, likafuata paji, ikafuata midomo. Na chini yake, bila hata ufa, Nencia alikuwa akimsikiliza malaika.