Aliyepelekwa Kwenye Ukaguzi

Kitu cha kwanza Nyamizi alichokigundua ni kandambili ya kaka yake Shija, iliyolika soli. Shija akitaka kusimamisha ile pikipiki yake ya mtumba, hakanyagi breki. Huburuza mguu chini mpaka isimame yenyewe.

Siku hizi pikipiki hazikaguliwi na fundi. Mashine ya ukaguzi humwuliza mtu mmoja wa nyumba ya mwenye pikipiki, "Ni salama?" Uongo inautambua papo hapo kwenye sauti. Lakini anayenyamaza huhesabiwa kuwa amekubali, ndiyo maana kila nyumba humpeleka mtu wake mkimya kuliko wote.

"Twende, bubu wangu," Shija alimtania. "Leo ndiyo siku yako ya kung'ara."

Mashine ikauliza. Nyamizi akainama, akatazama vidole vyake vya miguu. Taa ya kijani ikawaka. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na kila mwenye pikipiki alikuwa amemshika mkono ndugu yake mwenye haya.

Walipofika nyumbani, mama alikuwa amekwisha kujitanda kanga, akisubiri kupelekwa kliniki, kule chini ya mteremko.

"Imepita?"

"Imepita, mama. Panda twende."

"Na aliyeulizwa ni Nyamizi?" Mama akacheka. "Basi sina wasiwasi. Mwanangu huyu hajawahi kunidanganya."

Akainua mguu apande. Nyamizi akaidaka kanga yake kwa nyuma, akaing'ang'ania.

"Mama, usipande. Breki hazishiki. Nilijua, nikanyamaza."