Mgongo wa Kupandia Ngazi

Mama alichuchumaa chini ya ngazi, akakaza kitenge kiunoni na kumgeuzia binti yake mgongo. "Haya, Kidoti, panda."

Kidoti hakupanda. Moyo wake ulikuwa umemlaza hospitali muhula mzima. Daktari alimkataza ngazi tangu zamani, lakini darasa lilikuwa ghorofani, na mama mtu hakuwa na la kufanya ila kumbeba.

"Mama, simama bwana. Watu wanatuona."

Mlinzi wa shule aliangua kicheko. "Unampeleka wapi, dada? Huko juu siku hizi ni ofisi ya mwalimu mkuu. Darasa lao ndilo hilo hapo!"

Akaonyesha mlango wa karibu. Juu yake, palipokuwa na kibao cha ofisi, palibaki matundu mawili ya misumari. Ndani, dawati la mbele lilikuwa tupu, limefutwa vumbi, na wenzake walishaanza kumpigia makofi. Kidoti akaingia kwa miguu yake mwenyewe. Hata kuaga hakuaga.

Mama alibaki amechuchumaa vilevile, mgongo mtupu, machozi yakimtoka bila hodi.

Vishindo vikasikika juu. Mwalimu mkuu, mwanamke mnene, alikuwa akishuka huku ameshika ukuta, pumzi juu juu.

"Ngazi hizi zitaniua! Mama Kidoti, wewe uliziwezaje na mtoto mgongoni?"

Mama alijipangusa uso, akapanda mbio, akampa bega.

"Egemea hapa, mwalimu. Mimi nimeshazizoea."