Gauni la Sista

Mama alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, akipima pindo la gauni jeupe la uuguzi. Alilishona mwaka jana, kabla ya matokeo ya mtihani wa binti yake. Shoga zake walimwonya asikate mbeleko na mwana hajazaliwa, naye akawacheka. Binti akafeli, akarudia mtihani, akanenepa, na mtaa mzima ukaendelea kumwita Sista.

"Simama wima, Sista," mama alisema kwa pembe ya mdomo. "Unayumba kama mlevi."

Binti alikuwa juu ya kigoda, simu mkononi. Matokeo yalikuwa yameshafunguka.

"Mama, usipinde."

"Usinichekeshe, nitameza pini."

"Nimefeli tena. Na sirudii."

Mama hakuinua uso. Alizitema pini kiganjani moja moja, zimelowa mate, akazichomeka zote kwenye mto wake wa pini.

Binti alishuka, akalivua gauni. Akachukua wembe mezani, akaketi kwenye kiti cha cherehani na kutafuta mshono wa kiuno, ule waliouachia juzi gauni lilipombana.

"Polepole, mwanangu," mama alisema, angali sakafuni. "Usikate kitambaa. Kinatoa foronya mbili."