Mkanda Mwekundu

Kila asubuhi, kabla ya kugusa saa ya mtu yeyote, fundi alipanga bisibisi zake mezani, kuanzia nene hadi ile nyembamba kama sindano. Leo hakuifikia ya mwisho. Mkono ulipenya dirishani, ukaweka saa juu ya kitambaa chake.

Hakuhitaji kuinua macho. Saa ile ya dhahabu angeijua hata gizani. Ilikuwa ya marehemu baba yao, aliyemfundisha kazi kwenye meza hii hii. Siku ya mazishi kaka yake aliivaa mbele ya watu wote. "Hii ni saa ya kiume," alisema, na mkewe akaangua kicheko. Tangu hapo fundi na kaka yake hawakusemeshana.

"Imesimama," kaka alisema. "Isafishe yote, iwe kama alivyoiacha mzee. Halafu uifunge mkanda huu."

Mkanda ulikuwa mwekundu, mwembamba, wa kike.

"Ya nani sasa?"

"Ya mtu." Akakohoa. "Mbona wewe mwenyewe huvai saa?"

"Zimenizunguka pande zote, nivae ya nini?"

Kaka alicheka kidogo, akataka kusema neno, akalimeza. "Nitapita mchana."

Kumbe ni ya wifi. Yule yule aliyecheka, ndiye wa kupelekewa saa ya baba!

Hata hivyo mikono ya fundi haikujua kufanya kazi vibaya. Alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri iliyovuja, akasugua kutu ya kijani, akabadilisha mpira wa kuzuia maji, akatia betri mpya. Mshale wa sekunde ukaanza kuruka, tik, tik, kama zamani mkononi mwa baba. Akafunga mkanda. Hapo ndipo alipomwona wifi akilini, yuko sebuleni, ameunyoosha mkono, anawaringia wageni.

Akakifungua tena kifuniko.

Koili ya saa ya betri ni waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, na ya saa hii kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Fundi alishika kibano. Akaugusa mara moja tu, ukakatika.

Mshale ukasimama. Alitabasamu peke yake, akakaa kumngoja kaka yake kwa hamu.

"Pole, kaka," alimwambia mchana, kwa upole alioufanyia mazoezi. "Imekufa moja kwa moja. Kifaa chake hakipatikani tena popote."

Kaka hakugomba. Aliichukua saa, akaigeuza, akaitazama sana. Kisha akauvuta mkono wa fundi juu ya kitambaa, akamvalisha. Mkanda ukamkaa sawasawa.

"Nilikisia mkono wako kwa macho tu," alisema. "Ni yako, mdogo wangu. Baba aliniambia nikupe wewe, nami nikakudhulumu mbele ya watu. Nisamehe."